Kikombe Chekundu cha Mwalimu Filimbi

Kwa niaba ya familia, mdogo wa marehemu anawasomea historia hii, na anaomba msikilize hata pale isipopendeza, maana ile iliyoandikwa na wifi wa marehemu, iliyosema "aliugua kifua", ameichana leo asubuhi.

Mwalimu Filimbi, kama wanafunzi walivyomwita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi seremala, alianza shule ya msingi mwaka 1968, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1983, na kwa miaka ishirini na mitano alifundisha michezo katika shule moja tu, akipuliza filimbi hadi wenye maduka ng'ambo ya barabara wakageuka. Aliolewa tarehe 6 Desemba 1986, akajaliwa mabinti wawili, na mumewe alimtangulia mwaka 2001.

Mwaka 2004 aligundulika na saratani ya titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi mara ishirini na tano, na mionzi hiyo hatuilaumu, ilituachia dada kwa miaka kumi na tisa. Tunayemlaumu amekaa hapa mbele. Dada alipopona, wifi yake alichoma faili lake lote la hospitali uani, akisema nyumba iliyopona haifugi karatasi za ugonjwa, na kwamba watu wakijua mabinti hawataolewa.

Kikohozi kikavu kilianza mwaka 2006, ngazi za shule zikamshinda, filimbi ikawa haisikiki hata getini, akastaafu mapema mwaka 2008. Zahanati walipomuuliza kama aliwahi kuugua ugonjwa mkubwa, wifi aliyemsindikiza alidakia kuwa hajawahi, na marehemu, aliyezoea kusimamisha uwanja mzima, akanyamaza. Akatibiwa kifua kikuu mara mbili bila kipimo kuonyesha mdudu hata mmoja, na nyumbani akatengewa kikombe chekundu, kikatundikwa peke yake msumarini, wageni wakaonywa wasikiguse. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa aliyeficha ni mwingine na aliyekufa ni mwingine.

Tarehe 9 Mei 2019 daktari wa mapafu alimtoa wifi nje, akamwomba marehemu afungue blauzi, akaona kovu la upasuaji na vitone vitatu vya wino usiofutika vya kulengea mionzi, akauliza swali moja, na dada yetu akalia kabla ya kujibu. Pafu la kushoto lilikuwa limejaa makovu ya mionzi, yasiyoambukiza mtu yeyote. Yangejulikana mapema, angesaidiwa kupumua, asingemezeshwa dawa za ugonjwa asio nao. Nimonia ilimkuta hana akiba ya pumzi, akafariki tarehe 2 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili.

Tunamshukuru daktari huyo, wauguzi, walimu wenzake, na jirani fundi viatu aliyembebea kiti hadi njia panda ili apumzike akienda dukani. Nawe wifi tunakushukuru kwa kikombe. Hiki hapa, kimejaa maji, mdogo wa marehemu atakunywa nusu mbele yenu, na nusu inayobaki ni yako.

Pumzika kwa amani, dada, safari hii tumekujibia ukweli.