Baada ya Dakika ya Tisini

Benchi la mbele ya duka la donati la Verna, pale Corbin Mills, Ohio, halina mwenyewe, lakini hebu likalie Jumapili baada ya ibada uone utakavyotazamwa. Lina wazee wake watatu. Wa kwanza ni Lowell Stambaugh, anaitwa Shemasi kwa sababu ni shemasi kweli. Wa pili ni Ervin Gantz, anaitwa Mapema, kwa kuwa tangu ujana hajawahi kuona mwisho wa mchezo wowote. Yeye huinuka kabla, awahi barabara isijae magari. Wa tatu ni Roscoe Tibbets, Takwimu, ambaye hawezi kukuambia mvua inanyesha bila kuitia asilimia. Jumapili za Oktoba kazi yao ni kuichambua futiboli, ile yao ya helmeti na mabega ya plastiki, hadi mechi za runinga zianze saa saba mchana. Jumapili hii hakuna aliyeitaja. Shemasi alikishika kikombe kwa mikono miwili, kahawa hainywi, macho yako barabarani. Kila gari dogo la bluu lilipokata kona, moyo wake uligonga kama dirisha lililosahauliwa wazi siku ya upepo.

— Kunywa bwana, — alisema Mapema. — Kahawa haina kosa.

— Joelle atafika sasa hivi.

— Si atakuja kukuchukua mkale chakula cha mchana kama kila Jumapili? Kwani ni polisi?

— Afadhali angekuwa polisi, — alisema Shemasi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jana yake walikwenda wote watatu, kwa pikapu ya Mapema, kumtazama Joelle, mjukuu wa Shemasi, akicheza soka ya kulipwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa kwao. Viti aliwachagulia mwenyewe, karibu na kibendera cha kona. Hawakuwa wamewahi kuangalia soka. Katika futiboli yao saa hushuka, na ikigonga sufuri mambo yamekwisha, watu waende zao. Hii saa ya soka ilikuwa inapanda. Ilipofika tisini, bao hakuna huku wala kule, Mapema akainuka, akapangusa makombo ya soseji mapajani, akasema: “Saa imejaa, twendeni kabla ya magari.” Wakamfuata, kama wanavyomfuata siku zote. Kumbe zilikuwa zimebaki dakika za nyongeza za refa. Langoni pa maegesho mlinzi akawaambia hafungui mpaka filimbi ya mwisho. Wakakaa ndani ya pikapu, injini inaunguruma, pua ya gari imeelekea geti lililofungwa. Hapo ndipo uwanja ukalipuka kwa shangwe nyuma yao: Joelle amefunga goli.

Usiku Joelle alipiga simu, sauti imemkauka kwa furaha. “Babu, uliliona?” Na Shemasi, aliyekuwa amevua viatu tayari kwa sala ya kulala, alijibu: “Nililiona, mwanangu. Zuri sana.”

Sala yenyewe haikupanda. Na asubuhi kanisani, mchungaji alihubiri juu ya kukesha.

— Sikilizeni, — alisema Takwimu, akatoa simu. — Hakuna kilichoharibika. Goli lipo humu. Tunalikariri kama aya ya Jumapili. Akiuliza, kila mmoja anajibu kipande chake. Asilimia themanini na tisa ya mashahidi mahakamani wamehadithiwa tu.

— Nani kakwambia hiyo?

— Imefanyiwa utafiti.

Wakainama wote watatu juu ya kioo, vipara vinakaribia kugongana. Mpira ulitoka kulia, ukapita kwa mabeki wawili, Joelle akaupokea kwa guu la kushoto, akaugeuza, akaupiga chini ya mkono wa golikipa. Kisha akakimbia. Hakukimbilia wenzake. Alikimbilia kona, mikono ameitandaza, kichwa amekiinua kutazama jukwaani. Picha ikakatika, wakaonyeshwa kocha anarukaruka na chupa ya maji.

— Rudisha, — alisema Shemasi.

Takwimu akarudisha.

— Rudisha tena.

— Mzee, hata ukirudisha mpaka kesho, ataonekana kocha.

— Ile kona ni kona yetu, — alisema Shemasi taratibu. — Alikuwa anakuja kwetu.

Dirisha la duka likafunguka, Verna akatoa birika na mkono wake mnene wenye unga wa sukari.

— Bado mnalitazama hilo goli? Mimi nililiona mubashara, kwenye runinga hapahapa dukani. Niliuma kitambaa cha vyombo mpaka nikakitoboa. Na sheria sijui hata moja!

— Ndiyo maana ulipenda, — alisema Mapema. — Mchezo wa wasiojua sheria. Saa inapanda badala ya kushuka! Dunia gani hiyo? Halafu refa anaficha saa nyingine mkononi mwake. Mimi nasema wana njama na wauza soseji. Mtu hajui mwisho ni lini, basi anakaa anakula.

— Si soseji, — alisema Takwimu. — Ni mafuta ya petroli. Fikiri. Magari elfu nane yanawaka pamoja filimbi ikilia. Nani anafaidika?

— Nyie, kosa ni lenu mnalitafutia baba, — alisema Verna. — Haraka haraka haina baraka.

— Na chelewa chelewa utakuta mwana si wako! — alijibu Mapema kwa ushindi. — Ndiyo sababu niliwahi.

— Umewahi nini, Ervin? — Verna alimuuliza. — Geti?

Mapema akavuta kofia yake chini. Verna akammiminia bila kumwangalia, akamgeukia Shemasi.

— Na wewe unasemaje? Mchezo ule mbovu?

Shemasi alifikiri. Mtu akimuuliza jambo, hajibu ovyo. Ndiyo maana lile jibu la jana usiku lilimchoma hivyo, lilimtoka laini mno.

— Nitasema kweli, — alisema. — Nilikwenda kwa ajili ya mtoto tu. Nilijua nitasinzia. Lakini kipindi cha kwanza kilipita sijaenda hata msalani. Futiboli yetu tunaipenda, Mungu aibariki, lakini wanakimbia kufumba na kufumbua, kisha wanasimama wanaulizana. Tangazo la gari. Wanakimbia tena. Tangazo la bia. Unaweza kwenda kukata nyasi ukarudi hujapitwa na kitu. Jana hakuna aliyesimama. Nilimwona Joelle anakimbia kwenye nafasi ambayo mpira haupo. Mpira hauji. Anarudi. Anakimbia tena. Hauji. Nikajiuliza, huyu mtoto anachoka bure kwa nini? Halafu nikaona kila akikimbia, beki mmoja anamfuata, na mwenzake anapata uwazi. Nilitaka kumshika mtu mkono nimwambie. Bao hakuna, na mimi nimeikunja kofia mpaka imekufa. Kila Mmarekani mwenye kiti na macho ajaribu mara moja. Mara moja tu. Akae.

— Akae mpaka mwisho, — alisema Verna.

— Ndiyo hapo.

— Sufuri kwa sufuri dakika tisini, — Mapema alinong'ona. — Mimi hiyo kwangu ni kikao cha bodi ya maji.

— Ungekaa ungeona moja kwa sufuri.

— Yaliyopita si ndwele...

— Ervin, tugange yajayo basi! — alifoka Shemasi, na sauti yake ilimshtua mwenyewe. — Anakuja! Nimwambie nini? Nimemlea tangu mama yake afariki. Miaka yote hiyo mpira ulikuwa unagonga mlango wa gereji, du, du, du, na mimi ndani naongeza sauti ya runinga nisikie futiboli. Hajaniomba kitu. Kaniomba hiki kimoja. Swali langu ni moja tu: aliona viti vitupu au hakuona?

Hapo benchi likapata kazi.

— Hakuona, — alisema Takwimu upesi. — Jua la jioni lilikuwa usoni kwake.

— Jua lilikuwa limezibwa na jukwaa letu, — alisema Shemasi. — Ulilalamika kivuli.

— Sawa, kivuli basi! Gizani haonekani mtu. Isitoshe mwili una sheria zake. Ukifunga goli damu yote inashuka miguuni. Macho yanabaki na asilimia kumi na mbili. Anaona rangi tu. Na viti vile ni vyekundu, na wewe ulivaa jaketi jekundu. Kwake ulikuwepo.

— Mimi nilivaa kijani, — alisema Mapema.

— Wewe hakutafuti, — alisema Verna.

— Tena kiti ukikikalia muda mrefu kinabaki na joto lako, — aliendelea Takwimu, sasa amesimama. — Wanajeshi wana miwani ya kuliona. Mtu wa damu yako anahisi bila miwani. Mjukuu wako alifika pale, akahisi joto la babu. Roho ikatulia.

— Roscoe, — alisema Verna, — kaa chini.

— Ana hoja, — alisema Mapema. — Na kama aliona, tuseme ulizimia. Mzee, presha, goli. Tulikutoa nje kwa mabega. Tutakuwa mashujaa.

— Nizimie kabla ya goli?

— Ulilihisi linakuja.

— Msinitie uongo wa pili. Wa kwanza haujashuka kooni.

— Njia ya mwongo ni fupi, — alisema Takwimu kwa busara zote. — Ndiyo maana inafaa. Tutafika haraka.

Shemasi alifumba macho. Alitaka kuomba, lakini aliona aibu kuomba asigundulike. Alijua Mungu hapokei maombi ya namna hiyo, au akiyapokea anayaweka kando. Basi akaomba tu apewe mdomo wa kusema. Alipofumbua, gari la bluu lilikuwa limesimama mbele yake, na indiketa bado inawaka.

— Guu la kushoto, — alinong'ona Takwimu. — Chini ya mkono. Mabeki wawili.

Joelle alishuka, anachechemea kidogo, goti limefungwa barafu kwa bendeji, nywele bado mbichi. Alimbusu babu yake kwenye kipara, akamsogeza Mapema kwa nyonga, akaketi katikati yao. Akachukua kikombe cha Shemasi akanywa bila kuuliza.

— Imepoa hii, Babu.

— Ndiyo. Ndiyo, imepoa.

— Bingwa wetu! — Mapema alipaza sauti kubwa kuliko benchi. — Lile goli! Ulivyougeuza!

— Kwa guu la kushoto, — alisema Takwimu.

— Ukawapita mabeki wawili!

— Mpira ulitoka kwanza kulia, — Takwimu alisahihisha. — Kulia, kisha mabeki, kisha kushoto, kisha chini ya mkono wa golikipa. Sisi tulisimama, viti vikaanguka.

— Vile vinajikunja vyenyewe, mzee, — alisema Joelle.

— Ndiyo, vikajikunja. Kwa kishindo.

Joelle alicheka. Alicheka kweli, kicheko kile cha utotoni, na Shemasi aliposikia akapumua kwa mara ya kwanza tangu jana. Labda hakuona. Labda damu kweli hushuka miguuni. Alimtazama kwa pembeni: alikuwa anakwangua sukari iliyoganda kwenye ukingo wa kikombe, ametulia, hana kinyongo usoni. Lakini kicheko kilikuwa kimekwisha, na hakumtazama babu yake. Alitazama barabara.

— Jumamosi ijayo tunacheza tena hapa nyumbani, — alisema. — Saa ileile na futiboli ya chuo.

— Lo, ya chuo, — alisema Mapema, akajikaza. — Tutakuja! Si ndiyo, Shemasi?

— Kwa asilimia mia, — alisema Takwimu.

— Vizuri, — alisema Joelle. Akanywa tena ile kahawa baridi. Kisha akamgeukia babu yake, si kwa hasira, kwa upole uleule anaomuulizia dawa zake za presha:

— Jana mlifika nyumbani mapema?

Mapema aliinama kutazama viatu vyake. Takwimu aliirudisha simu mfukoni. Verna, aliyekuwa ameegemea dirishani na birika, alilishusha polepole.

Shemasi alimgeukia. Akaanza: “Mwanangu...”

Joelle aliweka kikombe chini, akakunja mikono mapajani, akangoja. Hakuwa na haraka.