Aliyeangushwa Mara Elfu Nne: Norbert Vandehey Anatuaga

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bw. Norbert Vandehey anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi ya Ligi ya Vyuo Tisa vya Kaskazini, hapa Wisconsin. Kwa hesabu yangu mimi, niliyeandika kumbukumbu za vikao miaka ishirini na miwili na kurithi makabrasha ya walionitangulia, ameangushwa chini mara elfu nne mia moja na sita akiwa kazini. Hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Bert, kama tunavyomwita sote, aliajiriwa mwaka 1994 kutengeneza mashine za kunakili. Wiki yake ya pili, Kamati ya Sheria ilikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi ikijadili ni pigo gani la kumwangusha mrushaji mpira lihesabiwe kuwa la kinyama, na sanamu ya kuangushwa mazoezini ilikuwa imepasuka tumbo. Mwenyekiti wa enzi hizo akachungulia mlangoni akasema, "Wewe kijana, hebu shika huu mpira usimame pale." Bert alikuwa na bisibisi mkononi. Aliiweka chini taratibu, akashika mpira, akasimama. Sanamu mpya haijanunuliwa mpaka leo.

Katika mpira wetu, ule wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono, mrushaji ndiye roho ya timu. Yeye husimama nyuma ya wenzake akitafuta wa kumrushia, na upande wa pili kuna majitu manne yanayosomeshwa bure ili yamfikie kabla hajarusha. Kila Februari Kamati hukaa kuamua majitu hayo yaruhusiwe nini. Na kwa kuwa wajumbe wetu ni watu makini, hawapigii kura jambo wasiloliona kwa macho. Lazima pigo lionyeshwe. Mpigaji wa Kamati ni Kocha Rudy Tschida, kilo mia moja na arobaini kabla ya chakula cha mchana. Mpigwaji ni Bert, kilo sabini akiwa na koti la baridi.

Mwaka 1997 ilikatazwa kumpiga mrushaji chini ya goti, kwa hiyo ilibidi ijulikane goti linaanzia wapi. Bert alipigwa kuanzia unyayoni kwenda juu, inchi kwa inchi, na kila inchi ikapigiwa kura. Mwaka 2003 ikaja hoja ya kukataza kupiga kichwa, ambapo mjumbe mmoja, mwalimu wa falsafa, alitaka athibitishiwe mahali kichwa kinapoishia na shingo inapoanzia. Zilitumika alasiri tatu. Shingo ilishinda kwa kura saba dhidi ya tano. Baadaye ikaulizwa mpigaji aruhusiwe hatua ngapi mpira ukishamtoka mrushaji mkononi. Wakaafikiana hatua moja ya kawaida, kisha wakagundua kwamba hatua ya kawaida ya Rudy ni chumba kizima. Basi Bert akapigwa kwa hatua ya Rudy, kwa hatua ya mwenyekiti, na kwa hatua ya mama mmoja wa jikoni aliyeombwa asaidie. Katika wote hao, Bert anasema, hatamsahau yule mama.

Mkewe, Arlene, aliamini kwa miaka mingi kwamba mumewe anashughulika na mafaili. Bert alipofika nyumbani akichechemea na kuulizwa kulikoni, alijibu, "Kulikuwa na kikao." Arlene akaona tatizo ni viti. Alituandikia barua kali, na ofisi ikamnunulia Bert kiti chenye mto wa mgongo, ambacho kwa kumbukumbu zangu alikikalia mara moja, mwaka 2009.

Sasa nieleze jambo lililokaribia kutuharibia kila kitu. Sisi watu wa huku tuna adabu iliyopita kiasi. Ukikanyagwa, wewe ndiye unayeomba radhi kwa kuweka mguu hapo. Ukiulizwa hali yako huku nyumba yako inaungua, jibu ni lile lile: si mbaya sana. Bert ni mtoto wa hapa hapa. Utaratibu unataka kwamba baada ya kila pigo mwenyekiti aulize, "Bert, unajionaje?" na jibu liandikwe. Naye Bert, uso kwenye godoro, Rudy mgongoni, alijibu kila mara, "Si mbaya sana. Samahani, Rudy, nilikaa njiani." Nami nikaandika: Athari, si mbaya sana. Niliandika hivyo miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi kuinua kichwa.

Mwaka 2011 mrushaji wa chuo kimojawapo, Devin Aamodt, aliangukiwa na beki mzito mpira ukiwa umeshamtoka. Mbavu tatu zilivunjika, pafu likajeruhiwa, na hakurusha tena maishani mwake. Bert alimpelekea jibini hospitalini. Februari iliyofuata alikubali kuangukiwa na Rudy siku mbili mfululizo, mpaka Kamati ikapitisha Kanuni ya Uzito: ukimkamata mrushaji, mvute, mbiringishe, mkumbatie ukipenda, lakini usimwangukie kwa uzito wako wote. Adhabu, timu yako irudishwe nyuma yadi kumi na tano. Kati ya kanuni zote, ni hiyo pekee ambayo Bert aliniomba nakala yake.

Februari ya mwaka huu, katika kikao cha mwisho cha Bert, Mwenyekiti Hollis Tredway alileta hoja ya kuifuta. Mashabiki walikuwa wamelalamika miaka yote hiyo, na Tredway naye ni shabiki. "Mrushaji wa siku hizi ni yai la kware," alisema. "Ukimpumulia tu, filimbi! Basi tumfungie kwenye kabati la vyombo!" Ushahidi wake ulikuwa makabrasha yangu mwenyewe. Aliyasoma kwa sauti dakika kumi na nne: si mbaya sana, si mbaya sana, si mbaya sana. "Waheshimiwa," akasema, "mtaalamu wetu ameangukiwa kwa uzito wote mara mia mbili na kumi na mbili, na hajalalamika hata siku moja. Tunamlinda nani, na dhidi ya nini?" Niliitazama kalamu yangu nikaona haya.

Mikono ikainuliwa. Sita wakataka ifutwe, sita wakataka ibaki. Kura ya kuamua ilikuwa ya Tredway, na kila mtu alijua ataipeleka wapi. Lakini utaratibu ni utaratibu, kwa hiyo akaagiza pigo moja la mwisho. Rudy akaja mbio. Bert akaenda chini, Rudy juu yake, madirisha ya ukumbi yakatikisika.

"Bert, unajionaje?" akauliza Tredway, nami kalamu tayari.

Niliona masikio ya Bert yakiiva, na safari hii sababu haikuwa Rudy. Kwa mtu wa huku, kulalamika mbele ya watu kumi na wawili ni sawa na kuvua suruali kanisani.

"Si mba..." akaanza, akasita. "Kwa kweli, mwenyekiti, inauma."

"Inauma kidogo?" Tredway akamsaidia.

"Hapana. Inauma. Imekuwa ikiuma tangu mwaka tisini na nne. Samahanini sana."

Wa kwanza kulia alikuwa Rudy, akiwa bado hajatoka juu yake. "Bert, ndugu yangu! Miaka kumi na tisa nakupiga! Mbona hukuniambia?"

"Nitakwambia, Rudy. Kwanza shuka."

Hoja ilianguka kwa kura zote, na Tredway mwenyewe ndiye aliyemshika Bert mkono kumwinua. Kamati pia iliagiza kumbukumbu zote tangu mwaka 1994 zisahihishwe kulingana na ushahidi mpya. Kazi hiyo nimepewa mimi. Nimefika mwaka 1999. Rudy alizoa theluji mlangoni kwa Bert mpaka majira ya baridi yalipokwisha, bila kuombwa, na Arlene, ambaye hatimaye aliambiwa ukweli, haongei na ofisi yetu ila kwa maandishi.

Jumamosi iliyopita nilikaa na Bert jukwaani. Timu yake, ile anayoipenda kuliko kazi yake, ilikuwa inaongoza kwa pointi nne, zimebaki sekunde ishirini. Beki wetu akamfikia mrushaji wa wageni. Alikuwa naye mkononi, wa kummaliza kabisa. Lakini wakiwa hewani akajipinda ili asimwangukie, akatua pembeni peke yake, na yule kijana akachomoka akakimbia na mpira mpaka mwisho wa uwanja, pointi sita. Tukashindwa. Jukwaa zima likazomea, na aliyezomea kuwapita wote ni Bert, kasimama juu ya benchi na soseji yake mkononi: "Mwangukie, wewe! Mwangukie! Sheria gani ya kipuuzi hii?"

Nilimvuta koti nikamkumbusha, kwa adabu, kwamba sheria yenyewe ni yake.

Akakaa. Kule chini yule mrushaji alikuwa anarukaruka katikati ya wenzake, mikono juu, kofia imetupwa huko, anacheka kwa pumzi zake zote. Bert alimtazama kwa muda mrefu. "Tazama anavyoruka, mshenzi yule," akasema. Kisha akaweka soseji chini akaanza kupiga makofi, peke yake katika jukwaa letu lote, na watu wa safu za mbele wakageuka kumwangalia kwa hasira, naye hakuacha.

Asante, Bert, kwa niaba ya kila mrushaji aliyetoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe bila kulijua jina lako. Arlene, tunakurudishia mumeo, na tunaomba radhi kwa hali tunayomrudisha nayo. Tunawatakia nyote wawili miaka mingi ya amani, mgongo unaokubali kunyooka, na asubuhi baada ya asubuhi ambazo hakuna mtu yeyote anayewajia mbio.

Lorraine Pribyl
Mwandishi wa Vikao