Nyumba ya Mama Asteria Iliyogeuzwa Malikale

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya, viongozi mlioongozana naye, paroko wetu, wazee, akina mama na ninyi mliokaa juu ya mawe kwa kuwa viti havikutosha: wanaostahili shikamoo tunawaamkia, wengine tunawasalimu.

KARIBU ISALENGE

Sisi wakazi wa kitongoji hiki cha mlimani tunakushukuru kwa kuja kuzindua Kituo cha Urithi cha Pango la Mtemi Ndaki. Tumesikia gari lako limekwama mara mbili njiani. Pole sana. Barabara hiyo ndiyo chanzo cha yote tutakayoyasema, kwa hiyo ni vizuri mmefahamiana.

ASILI YA KITUO

Pango lenyewe, Mheshimiwa, liko kule juu, nyuma ya yale mawe mawili makubwa, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Humo mtemi alificha watu wake na ngoma zake wakati wa uvamizi, na michoro myekundu ya ukutani ipo hadi leo. Popo nao wapo.

Masika ya mwaka juzi wataalamu walileta bango la chuma la kulitambulisha. Lori likazama matopeni mbele ya nyumba ya Mama Asteria, yaani Mektilda, mjane wa marehemu Gelasius. Dereva wao, Charles, alizungusha tairi mpaka likanuka. Mama Asteria akawapikia uji. Walipomaliza kunywa, mkubwa wao aliutazama mlima, akalitazama bango, akavitazama viatu vyake.

"Mama, tukilisimika hapa kwa muda, kuna ubaya?"

"Kwa muda si neno, baba," akajibu.

Hilo ndilo kosa lake pekee, naye analijutia.

MAFANIKIO

Wageni wameongezeka. Wiki ya kwanza tu kilikuja chuo kizima. Mama Asteria alikuwa anasaga mtama, akasimama, akajifuta mikono, akawaambia, "Wanangu, pango liko juu. Hapa ni kwangu." Wakampigia makofi. Walidhani ndivyo maelezo yanavyoanza.

"Bibi, jiwe hili lilitumika lini?"

"Si mmenikuta nalo?"

Wakaandika: lilitumika hadi nyakati za karibuni.

Baadaye akaja mtaalamu wa magofu, akasema banda la kuku ni gereza la mtemi. Mama Asteria akaona yamezidi. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha tofali ambalo mumewe aliliandika likiwa bichi: GELA 2009. Aliamini mambo yangeishia hapo. Mtaalamu akapiga magoti, akalipiga picha, akaandika kwamba Gela huenda alikuwa jemadari, na 2009 ni idadi ya askari wake.

"Gela ndiye aliyenioa," akasema mama.

Mtaalamu akaliandika na hilo.

CHANGAMOTO

Bati lilipotoboka, Mama Asteria alimwita fundi Maduhu. Kabla hajapanda ngazi ikaletwa barua: nyumba sasa ni malikale, yaani mali ya kale, na malikale haibadilishwi, haipunguzwi, haiongezwi. Akawa anakinga sufuria juu ya kitanda. Wageni wakaelezwa kuwa hicho ni chombo cha kuombea mvua, na kwa kuwa mwaka ule mvua ilinyesha vizuri, hata baadhi yetu tulianza kuamini. Tunaungama.

Hayo yote aliyavumilia, maana ni mtu wa sala na anapenda watu. Lakini mwezi wa tatu binti yake, Asteria, alijifungua mtoto wa kwanza huko Kagongwa. Mama akafunga kanga mbili mpya na mfuko wa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, akaenda kupanda gari. Mgambo akamkuta stendi.

"Unakwenda wapi, mayu?"

"Kwa mwanangu. Amejifungua."

"Hongera. Lakini upo kwenye orodha."

Akamfunulia daftari. Limeandikwa: kinu kimoja, mchi mmoja, jiwe moja la kusagia, mwanamke mmoja, hali nzuri. Na malikale haitolewi nje ya eneo bila kibali kutoka juu.

"Hali nzuri kawaambia nani?" akauliza, na watu wa stendi wakacheka.

Yeye hakucheka. Alirudi kwa miguu na kanga zake, akakaa kwenye kizingiti mpaka jua likazama. Jirani yake Serafina alipompelekea ugali, hakuugusa. Aliuliza tu, "Serafina, hivi mimi nilikufa lini?"

Mjukuu huyo sasa anaota meno, na bibi yake hajamshika. Asteria anaogopa kumleta, asije akaandikwa naye. Sisi tumeandika barua nne. Tumejibiwa moja, ikitupongeza kwa kulinda urithi.

MAOMBI

Tunaomba bango lipande mlimani. Wanaume kumi na wawili wako tayari kulibeba mabegani leo hii. Tunaomba fundi Maduhu aruhusiwe kupanda ngazi. Na kwenye lile daftari tunaomba ufutwe mstari mmoja. Kinu na mchi tunaweza kuvijadili. Barabara tutaiomba mwakani.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la haraka. Utepe unaosubiriwa kukatwa umefungwa kwenye mlango wa Mama Asteria, na yeye yumo ndani. Amejifungia tangu asubuhi. Katibu wetu, Masele, alimwita dirishani kwamba mgeni rasmi amefika. Akajibu kuwa mgeni haji na mkasi. Tulimsihi kwa zamu, hata paroko alijaribu. Akatuambia hivi:

"Kwenye nyumba ya mtu watu hupiga hodi. Kwenye magofu hawapigi. Basi acheni aje, nitajua amekuja wapi."

Mheshimiwa, kamera zimeelekezwa na mkasi uko kwenye sinia. Sisi hatukufundishi kazi. Ila ukiuacha mkasi pale pale, ukasogea mlangoni na kupiga hodi, ataitika. Ameshapika, na tumesikia harufu ya kuku mmoja aliyetoka gerezani.

Mungu akujalie afya, ailinde nyumba yako nawe ukae ndani yake kwa amani, na aziongoze hatua hizi ishirini zilizobaki hadi mlangoni.

Ni sisi,
Wakazi wa Kitongoji cha Isalenge, wote tulio hai.
Imesomwa kwa niaba yetu na Elieth.