Mzee Narcisse na Maji ya Mukecuru

Tarehe 30 Septemba 1999, baada ya miaka thelathini na miwili na nusu ya kazi, Mzee Narcisse Bizumuremyi atakabidhi funguo za gereji ya ushirika wetu wa Twifatanye na kwenda nyumbani kwake Nyamyumba. Mimi, Kabatesi, nimeombwa niandike habari zake kwa sababu ndimi karani, na kwa sababu nilikulia Karagwe, hivyo wenzangu husema Kiswahili changu kimepigwa pasi. Nilipomuuliza mwenyewe angependa niandike nini, alijibu, "Andika nilichoka." Nimeandika. Yanayofuata ni nyongeza.

Aliajiriwa Aprili 1967 awe dereva na fundi wa gari moja tu: gari jeusi la Kifaransa la mwaka 1966, lenye mgongo mrefu. Wanachama walilichangia ili watoto wao waolewe kwa heshima na wazee wao wazikwe kwa heshima. Yeye ndiye aliyelipa jina la Mukecuru, yaani bibi kizee, lilipokuwa bado linanukia rangi mpya. Alisema lilikuwa na adabu za mtu mzima.

Miaka hiyo ya mwanzo kazi ilikuwa harusi, za kanisani na za msikitini. Bibi arusi mmoja alibadili nia wakiwa nusu ya njia, akaomba arudishwe kwa mama yake. Mzee Narcisse aligeuza gari bila kuuliza neno, kisha akaenda kuwaambia wakwe kwamba giaboksi imekataa. Yule bibi arusi sasa ana wajukuu kwa mume mwingine, na bado humletea Mzee ndizi kila Krismasi.

Mwaka 1994 hauzungumzii, nami sitauzungumzia kwa niaba yake. Aliporudi kazini alimkuta Mukecuru juu ya matofali, bila magurudumu. Alitafuta magurudumu. Tangu siku hiyo harusi zilikuwa chache sana, na mwaka 1997 na 1998, vita viliporudi kwetu, kulikuwa na majuma ambayo Mukecuru alitoka kila siku, na kila siku kwa mazishi. Mzee alikuwa na suti moja nyeusi. Mukandutiye, mshonaji wetu wa mapazia na vitambaa vya jeneza, aliishona viwiko mara nne.

Hapo ndipo maji yalipoanza kutusumbua. Gari linalokwenda mbio hupata upepo wa kupoza rejeta. Gari la mazishi huenda mwendo wa watu wanaotembea kwa miguu, tena watu wenye huzuni. Maji yalichemka, yakavimba, yakatoka kwa kimpira kidogo na kumwagika barabarani. Injini ilipopoa, rejeta ilivuta hewa badala ya maji, na safari iliyofuata ilianza na upungufu. Mzee alibeba madumu ya maji miguuni pake, akaendelea hivyo kwa miezi.

Juni 1998 tulimzika mwalimu Liliane, aliyefariki kwa ugonjwa akiwa na miaka ishirini na tisa. Kwenye mlima wa kupanda Nyundo, mbele ya wanafunzi wake wote, Mukecuru alipiga mluzi, akatoa mvuke mweupe na kuzima. Maji ya moto yalipita chini ya miguu ya watu. Mzee Narcisse alishuka, akafungua boneti, akasimama tu. Mama wa marehemu, Mukashyaka, alimwendea akamshika mkono.

"Acha, mwana wangu," alimwambia. "Hata motokari inachokaka. Tutamubeba."

Wakambeba mabegani hadi kanisani. Mzee alibaki na gari. Nilibaki naye, na nilimwona akilia kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Kamati ilikutana juma lile. Ilimpa mpaka mwisho wa Julai; baada ya hapo Mukecuru angeuzwa chuma chakavu, na maiti zingepelekwa kwa lori la kukodi, lile lile linalobeba viazi. Mzee alijua dawa siku nyingi: tangi dogo la kupokea maji yanayovimba na kuyarudisha. Hakuwa amelifunga kwa sababu alichukia kumwongezea Mukecuru kitu ambacho hakuzaliwa nacho. Na kwa sababu, kama alivyoniambia, hakuwa na nguvu ya kuanza jambo jipya.

Alianza. Alivuka mpaka pale Grande Barrière kwenda Goma, kwa Jack, muuza vipuri vya magari yaliyokufa. Alihitaji mfuniko wa rejeta wenye mipira miwili, unaoruhusu maji yatoke yakiwa moto na yarudi yakipoa. Jack alisikia ni gari la mwaka gani, akacheka.

"Mzee, hii voiture usiitafutie dawa. Itafutie kaburi."

"Ni yeye anapelekaka wengine," Mzee alimjibu. "Yeye mwenyewe atangoja."

Alirudi na mfuniko, pamoja na shingo ya rejeta ya gari jingine, kwa kuwa shingo ya zamani haikuukubali. Siku mbili alilehemu. Akafunga kidumu cha plastiki nyeupe pembeni mwa rejeta, akakichorea mstari wa rangi nyekundu mahali maji yanapopaswa kusimama, akaunganisha mpira. Tukawasha. Maji yalitoka vizuri, yakaingia kidumuni. Tukasubiri injini ipoe. Hayakurudi hata tone. Alikaa juu ya tairi, mikono magotini, na akasema basi gari liuzwe.

Mukandutiye alikuwa amekuja kuchukua vitambaa. Aliinama akatazama ndani ya kidumu, ambamo mpira ulining'inia juu, mbali na maji.

"We Narcisse," alisema, "kama muheha haifike mu pombe, unavutaka nini?"

Muheha, kwa asiyekunywa, ni mrija wa kunywea pombe ya mtama. Mzee akainuka. Akakata mpira mrefu zaidi, akaushusha mpaka chini ya kidumu.

Jumamosi ya mwisho wa Julai ilikuwa ya majaribio. Alitaka mwendo wa mazishi hasa, kwa hiyo alituomba sisi wafanyakazi sita tutembee mbele ya gari, kutoka gereji kwa njia ya ziwa hadi Nyamyumba. Nyuma hapakuwa na jeneza. Hatukuwa tumefika mbali wanaume walipoanza kuvua kofia. Mama mmoja aliweka kapu lake chini, akajiunga nasi. Kisha wavuvi watatu, kisha wanawake waliotoka shambani na majembe yao. Hakuna aliyeuliza. Miaka ile watu walikuwa wamezoea kusindikiza kwanza na kuuliza baadaye. Tulipofika karibu na chemchemi za maji moto tulikuwa watu zaidi ya arobaini, na mwenye kapu ndiye aliyeninong'oneza:

"Ni nani, dada?"

"Hakuna mtu, mama. Tunajaribu gari."

"Hakuna mutu amekufa?"

"Hakuna."

Alisimama katikati ya barabara. Aliwaambia waliokuwa nyuma, nao wakawaambia wengine, na nilidhani watatukasirikia. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, kisha wote. Mama yule alikaa chini ukingoni mwa barabara, akafunika uso kwa kitenge, akacheka huku machozi yakimtoka, akirudia, "Hakuna mutu."

Tulizima injini hapo hapo, tukangoja pamoja nao. Baada ya saa moja Mzee alifungua boneti. Maji yalikuwa yamerudi kwenye mstari mwekundu. Tangu siku hiyo Mukecuru hajamwaga maji barabarani, na kamati haijataja tena lori la viazi.

Mzee Narcisse, umetubeba katika furaha zetu na katika miaka ambayo hakuna aliyetaka kuhesabu. Ushirika unakushukuru, familia ulizozisindikiza zinakushukuru. Hatukuombei safari ndefu wala shughuli mpya. Tunakuombea kiti kizuri kinachotazama ziwa, chai ya moto, na usingizi. Lala mpaka jua likuamshe lenyewe, mzee wetu. Hakuna atakayekuja kukugongea mlango.