Mwalimu Chora na Ufito wa Sentimita Sitini

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na nimepewa kazi ya kusoma kwa kuwa wakubwa zangu wamezidiwa na kilio.

Dada yetu, mliyemwita Mwalimu Chora, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1962 katika zahanati ya kiwanda alichokuwa akilinda baba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, akamaliza kidato cha nne 1980, na kuanzia 1982 alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya maji. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa watoto watatu.

Januari 1990 aliacha kazi akaingia chuo cha ualimu, uamuzi ambao sisi nduguze tuliusema sana pembeni, na leo naona aibu kuukumbuka. Agosti 1991, kwenye mazoezi ya kufundisha darasa la nne, alipewa swali la ufito wa sentimita sitini, ukatwe vipande viwili, kimoja kikizidi kingine kwa kumi, naye akajaza ubao mzima eksi, hadi mtoto mmoja akauliza kwa upole huyo eksi ametoka wapi, maana kwenye swali hayumo. Mkufunzi akamwandikia kwamba jibu analijua ila njia ya kumfikishia mtoto hana, akampa nafasi moja tu ya kurudia, akishindwa arudi nyumbani.

 Siku ya tatu, kwenye karakana yake, shemeji, aliyeishia darasa la saba, akamwomba amsomee hilo swali, akajibiwa kwa hasira kuwa bila eksi halifanyiki. Shemeji akatoa penseli sikioni, akapima ufito wa urefu huo, akachora alama kutenga kwanza zile kumi zilizozidi, akagawa hamsini iliyobaki katikati, ishirini na tano kwa ishirini na tano, kisha akazirudisha kumi upande mmoja, akakata, akamkabidhi mkewe kipande cha ishirini na tano na cha thelathini na tano, akaendelea na kitanda cha mteja. Dada alituambia alilia palepale kwenye maranda, kwa kuwa alikuwa amelala na mwalimu wake miaka mitano bila kumjua.

Alirudia somo kwa vipande hivyo, akahitimu 1992, akafundisha miaka thelathini hadi alipostaafu 2022, vipande vile viwili vikiwa mezani kwake, na kila mtoto aliyekimbilia jibu aliambiwa achore kwanza.

Mei 2023 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 2 Machi 2024, saa tano asubuhi, alifariki akiwa na miaka sitini na moja, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na walimu wenzake waliokuja wodini kwa zamu bila kukosa. Jeneza hili shemeji amelitengeneza mwenyewe, hakutaka msaada. Kipande kirefu amemkabidhi mwalimu aliyeshika darasa lake, na kile kifupi amekiweka humu ndani, chini ya mkono wa kulia.

Dada, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.