Msumari wa Kumi na Mbili

Benchi letu limeegemea kibanda cha fundi viatu, hatua mia mbili kutoka lango la uwanja wa shule. Tunaokaa hapo nitawataja kama wanavyoitwa, maana jina likikosewa na habari imekosewa. Fundi mwenyewe ni Soli. Kinyozi wa jirani ni Spika, ambaye hanyamazi hata akishika wembe. Mtengeneza redio ni Daktari. Mimi naitwa Rejista. Siku hiyo, saa kumi alasiri, birika la kahawa lilikuwa katikati yetu, na binti wa Soli alikuwa ng'ambo ya ukuta wa shule akikimbia mita elfu tano. Zilikuwa mbio zake za mwisho. Jumatatu angeondoka kwenda chuo cha uuguzi, na alikwisha kusema kwamba huko hakimbii tena. Sisi hatukuona kitu. Kila wakimbiaji walipopita mbele ya jukwaa watu walipiga kelele, na kwa kila kelele Soli aligongomea msumari mmoja kwenye kiatu cha mteja.

— Wa sita, alisema Soli. Bado mara ngapi, Rejista?

— Mara ya kumi na mbili utasikia kengele, nikamjibu. Baada ya kengele ni mzunguko mmoja, basi. Nenda kamwone mtoto.

— Asiende! akadakia Spika. Mmesahau mara ya kwanza alipokwenda? Kafika langoni tu, binti kaanguka hata hatua kumi hazijatimia.

— Na mara ya pili, akasema Daktari, kakaa jukwaani, msuli ukambana mtoto kabla ya kuanza. Hakukimbia kabisa.

— Ndiyo maana, akasema Spika, wahenga wakasema asiyekuwepo na lake halipo. Soli asipokuwepo, na nuksi yake haipo.

— Methali hiyo haina maana hiyo, nikasema.

— Rejista, methali ni kama kofia. Kila mtu anaivaa kwa kichwa chake.

Kelele ikaja. Soli akagonga, kisha akainua kichwa.

— Hii mbona ndogo? Mmesikia? Ile ya kwanza haikuwa hivi. Ameanguka?

— Watu wamekauka makoo tu, nikasema. Kunywa kahawa.

Alishika kikombe, akakirudisha bila kunywa.

— Mimi nakwambia ni mitambo, akasema Daktari. Damu ya baba na ya mwana ziko kwenye masafa mamoja. Ukisogea karibu, zinaingiliana, mtoto anaanza kukoroma kama redio mbovu.

— Mitambo gani! Ni gundi, akasema Spika. Anatembea na harufu ya gundi huyu. Mkimbiaji akiivuta, mapafu yanashikana.

— Gundi inashika mapafu? akauliza Daktari.

— Inashika soli ya lori, itashindwa na pafu? Tena sikilizeni. Viatu vya mtoto nani kavipiga nyundo? Soli. Basi vinamjua! Vikimwona jukwaani vinajikunyata kwa hofu, na mguu umo ndani.

Daktari alicheka hadi akakohoa. Soli hakucheka. Aliutazama ukuta wa shule.

— Asubuhi mtoto kasimama mlangoni, akasema Soli. Kaniambia, "Baba, leo ndiyo basi." Hakusema njoo. Hakusema usije.

— Wa tisa huo, nikamkumbusha, maana kelele ilikuwa imepita naye hakusikia. Akagonga upesi upesi.

Baada ya kelele ya kumi alikuja mtu tusiyemjua, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala.

— Shikamooni wazee. Nimefuata kiatu changu.

— Marahaba, ndugu yangu, akasema Soli. Samahani. Kilitaka misumari mitano, nimezidisha. Binti yangu anakimbia kule ndani.

— Aa! Hongera. Anakimbiaje?

— Soli yake ya kushoto inaisha ukingo wa nje. Nimeibadilisha mara tisa kwa miaka minne.

Kelele ya kumi na moja ikaja. Soli akagonga msumari.

— Hiyo ni soli, akasema mgeni kwa upole. Mimi namuulizia mtoto. Akiwa anakimbia, anakuwaje?

Soli alinitazama. Mimi nilimtazama Daktari. Daktari alimtazama Spika, naye Spika akajishughulisha na birika. Tulikuwa tumemzungumzia binti yule miaka minne, wala hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akikimbia hata hatua kumi.

Kengele ikalia.

Msumari wa kumi na mbili ulikuwa bado katikati ya midomo ya Soli. Aliutema. Akampa mgeni kiatu chake, akasimama.

— We Soli! akaita Spika. Utamponza mtoto!

Hakugeuka. Alitembea hatua chache, aproni ya ngozi ikimpiga magotini. Kisha akaanza kukimbia kuelekea langoni, nyundo mkononi, mzee wa miaka hamsini na minane ambaye hatukuwahi kumwona hata akiharakisha mwendo. Nilimwangalia miguu. Ule wa kushoto ulitua kwa ukingo wa nje, kila hatua.

Nikamwonyesha mgeni miguu ile kwa kidole.

— Hivyo, nikasema.