Matone ya Siku ya Kliniki

Ndugu zangu, wengi mlio hapa mnajua yaliyosemwa nilipopata kiwanja Dandora. "Huyo wa diploma? Hata choo hatamaliza!" Leo nina vyumba sita vya mawe, na kila jiwe nimelipima mwenyewe. Ujenzi nilisomea ng'ambo, sikubebwa na mjomba. Mnacheka? Chekeni. Nimesimama kuwaambia mahali diploma haikunifaa.

Mama yangu alikufa kipofu. Sisi tulisema ni uzee. Mimi niliporudi nchini, daktari wa macho akanipima akasema presha ndani ya macho yangu iko juu, ugonjwa uitwao glakoma, nao huharibu macho bila kuuma. Akanipa kichupa cha matone. Tone moja kila jicho, mara nne kwa siku, maisha yote.

Matone yale yaliwasha. Yalinibana mboni, nikaona saa sita mchana kama jioni. Siku moja vibarua wangu wakanikuta nyuma ya lundo la kokoto nikipangusa machozi.

"Fundi, umefiwa?"

"Wapi! Ameachwa huyo!"

Mimi, msimamizi! Nikaficha kichupa. Nawaambia nilichofanya, na ni aibu: nikawa natia dawa siku ya kliniki peke yake. Asubuhi natia, daktari anapima, presha imeshuka, ananisifu. Narudi nyumbani nikijiona mjanja.

Lakini kila nilipoamka nilifunika jicho moja nikatazama kalenda ukutani. Tarehe za katikati nazisoma. Za pembeni hazipo. Natazama tena, jasho linanitoka. Mke wangu akiuliza, nasema natafuta Jumapili. Ndugu zangu, niliogopa mpaka chakula kikanishinda, na bado sikumwambia mtu.

Ndipo siku moja, tukijenga Buruburu, nikawa natembea juu ya slabu, sakafu ya zege ya ghorofani, nikitoa amri. Mkono ukanivuta shati kwa nyuma, vifungo vikaruka.

"Mzee! Slabu imeisha!"

Mguu wangu mmoja ulikuwa hewani. Chini, vyuma vimesimama wima. Ukingo ule sikuuona kabisa. Na aliyenishika ni yule yule aliyesema nimeachwa. Nilikaa chini pale pale.

Kesho yake nilikwenda kliniki bila kutia tone. Daktari akapima, akapima tena. "Mbona leo imepanda hivi?" Nikamwambia yote. Akasema, "Mimi ulinidanganya. Jicho hukulidanganya. Kilichopotea hakirudi, mzee. Kilichobaki tutakilinda, ukitaka."

Nilitaka! Jioni hiyo nikamweleza mke wangu, akalia, akanigombeza, kisha akachukua kichupa. Tangu siku ile hatujakosa tone. Pembeni bado sioni, lakini daktari anasema uharibifu umesimama. Ngazi sipandi tena. Naelekeza kazi nikiwa chini.

Namshukuru kibarua yule, namshukuru daktari, namshukuru mama watoto. Nanyi ambao baba au mama alipofuka, msingoje maumivu, hayaji. Nendeni mkapimwe. Na ukipewa dawa, itie hata siku ambayo hakuna wa kukupima.

Mke wangu ananionyesha saa, kichupa mkononi. Mniwie radhi, wapendwa, sitatoka nje. Ngojeni niinue uso.